Kwa nini Banyuls inakubaliana na chokoleti wakati waini nyingine zinagoma? Wajuzi njooni

#1 ChumviKidogo
Wakuu habari za wikiendi, naingia moja kwa moja.

Nipo Perpignan, kusini kabisa mwa Ufaransa, ukisogea kidogo tu uko Hispania. Mwaka wa pili sasa nafanya kazi jikoni upande wa vitamu. Wiki iliyopita baada ya wateja kuondoka chef akakata kipande cha keki ya chokoleti, ile ya moto ambayo katikati ni uji, akaniwekea na glasi mbili. Zote nyekundu, zote za zabibu aina ya Grenache, zote zimetoka vilima vilevile vya kando ya bahari. Nikala kijiko cha keki nikanywa ya kwanza. Jamani. Ulimi ulikauka kama nimetafuna ganda la ndizi mbichi, halafu ukali fulani wa siki ukabaki kooni. Nikanywa maji, nikala tena keki, nikanywa ya pili ambayo ndiyo Banyuls, na hapo nikanyamaza. Chokoleti haikupotea na waini haikupotea, nikawa nataka kijiko kwa sababu ya glasi na glasi kwa sababu ya kijiko.

Nikamuuliza kwa nini, akasema ndivyo tulivyokuta. Jibu hilo halinitoshi, na mwezi ujao nina mtihani wa cheti ambako wanauliza sababu siyo majina tu. Wajuzi wa waini, wa keki, wa kemia, hata wasiokunywa ila wanajua chakula, karibuni.

#2 kiboko255
Nimekaa siti ya mbele. Ila dada tuelimishe kwanza sisi wa bia, Banyuls ni mji, ni zabibu au ni kampuni?

#3 ChumviKidogo
@kiboko255 ni mji na ni waini. Mji unaitwa Banyuls-sur-Mer, uko pwani ya Mediterania pale milima ya Pyrenees inapoingia baharini. Waini yenyewe inaruhusiwa kutoka kwenye miji minne tu: Banyuls, Collioure, Port-Vendres na Cerbère. Jina linalindwa kisheria tangu 1936, ukilima Grenache yako Perpignan mjini huwezi kuiita Banyuls hata iwe tamu namna gani.

Inavyotengenezwa: juisi ya zabibu inaanza kuchachuka kama waini yoyote, hamira inakula sukari inatoa kileo. Kabla haijaimaliza sukari unamimina spiriti kali ya zabibu, hamira inakufa palepale, sukari iliyobaki inabaki. Kitendo hicho wanakiita mutage, yaani kuinyamazisha waini. Ndiyo maana ni tamu na bado ina kileo cha asilimia 15 kwenda juu.

#4 MzeeWaMontpellier
Binti umeeleza vizuri, niongeze mawili.

Kwenye lebo utakuta maneno vin doux naturel, waini tamu ya asili. Wengi wanadhani asili maana yake hakuna kilichoongezwa, kumbe spiriti imeongezwa. Asili hapo ni utamu, sukari yote ni ya zabibu yenyewe, na sheria inataka juisi iwe na sukari si chini ya gramu 252 kwa lita kabla ya kuanza kazi.

La pili ni asili ya kitendo chenyewe. Kinahusishwa na Arnaud de Villeneuve, tabibu Mkatalani aliyefundisha chuo cha hapa Montpellier mwishoni mwa karne ya 13, na inasimuliwa kwamba mwaka 1299 mfalme wa Majorca akampa haki ya kukitumia. Na wewe uko Perpignan, kasri la wafalme hao liko hapo juu ya mji, nenda ukalione siku ya mapumziko.

#5 Maabara
Jibu ni rahisi. Kinywaji lazima kiwe kitamu kuliko chakula. Ukila kitu kitamu ulimi unazoea sukari, halafu ukinywa waini kavu, yaani isiyo na sukari, unachokisikia ni asidi na uchungu tupu kwa sababu matunda yake yamefunikwa. Banyuls ina sukari yake kwa hiyo haivuliwi nguo. Andika hivyo kwenye mtihani, umepita.

#6 Dada Hurma
Salaam. Mimi sinywi kileo na sitakunywa, ila hapo pa @Maabara napinga kwa ushahidi wa nyumbani. Mombasa kahawa ya birika ni chungu, haina sukari hata chembe, na inanywewa na kashata au halua au tende. Kashata ni sukari tupu. Kwa kanuni yako hiyo kahawa ingekuwa mbaya mdomoni, mbona ndiyo inazidi kunoga? Babu yangu akiletewa kahawa bila kashata alikuwa anauliza kama kuna msiba.

#7 Maabara
@Dada Hurma swali zuri sana. Tofauti ni asidi. pH (kipimo cha uchachu) ya kahawa iko kwenye 5 hivi, ya waini ni kama 3 na nusu, na kwenye kipimo hicho namba ikishuka ukali unapanda, tena kila hatua moja ni mara kumi. Uchungu na utamu vinaelewana, uchachu ndio unaochomoza mtu akitoka kwenye sukari. Jaribu kunywa maji ya ndimu baada ya halua utaelewa.

#8 Dada Hurma
Basi kanuni yako siyo kwamba kinywaji kiwe kitamu kuliko chakula. Kanuni ni kwamba kisiwe kichachu. Hayo ni mambo mawili tofauti.

#9 kiboko255
Maabara kapigwa na kashata 😂

#10 Fundi Keki
Mimi ni mwokaji, niko Nairobi lakini nilisomea kazi Lyon. Tusitaje sukari bila hesabu bana. Banyuls nyingi zinacheza kwenye gramu 80 hadi 100 na kitu za sukari kwa lita. Hiyo ni kama gramu kumi kwa mililita mia, yaani sawa na soda. Chokoleti ya asilimia 70 ina karibu gramu 30 za sukari kwa gramu mia. Ya maziwa inafika 50. Sasa nani mtamu kuliko mwenzake hapo? Chokoleti inashinda mbali na bado zinaendana.

Kwangu mimi jibu ni mafuta. Mafuta ya kakao yanayeyuka kwenye joto la mdomo yanapaka ulimi wote. Waini kavu nyekundu inakuja na tanini zake, yaani vile vitu vya maganda ya zabibu vinavyokausha ulimi, kakao nayo ina ukakasi wake, ukakasi juu ya ukakasi, ndio hiyo ndizi mbichi ya dada. Banyuls ina kileo cha 16 hivi, kinakata yale mafuta, na tanini zake zimeshalainika. Ulimi unasafishwa unakuwa tayari kwa kijiko kingine.

Pia jaribu kwa chokoleti ya maziwa au nyeupe uone. Haiendi. Ni chokoleti nyeusi tu ndiyo inafanya kazi, kuanzia 60 na kuendelea.

#11 Kibo Side
@Fundi Keki kama kazi ni kileo kukata mafuta basi konyagi ingekuwa bingwa wa keki ya chokoleti, na mimi nimeshajaribu kwenye harusi ya binamu, siyo bingwa kabisa.

#12 Maabara
@Fundi Keki hesabu yako ni sahihi ila utamu kwenye maabara siyo utamu kwenye ulimi. Uchungu wa kakao unaficha sehemu kubwa ya sukari yake, ndiyo maana kipande cha asilimia 70 hakionekani kitamu kama soda ingawa kina sukari mara tatu. Kwa hiyo Banyuls inaweza kusikika tamu kuliko chokoleti hata kama kwa mizani siyo.

#13 MwanaKyela
Wakuu nyote mnazunguka, mimi nitawaambia kitu nilichokulia. Nyumbani Kyela ni kakao. Ukivunja tunda la kakao bichi ndani ni nyeupe na linanukia kama litchi, hakuna harufu ya chokoleti popote. Mbegu zinafunikwa majani ya migomba au zinawekwa kwenye masanduku ya mbao zinachachuka siku tano sita, zinapata moto zenyewe, nyumba nzima inanuka siki na pombe. Halafu zinaanikwa juani. Halafu kwenye kiwanda zinakaangwa. Harufu ya chokoleti inazaliwa kwenye uchachu, jua na moto.

Sasa soma waini hizi zinavyotunzwa. Jirani na Banyuls kuna Maury, Grenache ileile, spiriti ileile. Pale kwenye shamba la Mas Amiel wanajaza waini kwenye mitungi mikubwa ya kioo ya lita kama 70 wanaiacha nje uwanjani mwaka mzima, jua la kiangazi, baridi ya usiku, mvua, yote inapiga. Baadaye ndiyo inaingia kwenye mapipa. Waini yoyote ya kawaida ingekufa. Hii inatoka na harufu ya kahawa, tini kavu, plamu kavu na kakao yenyewe. Yaani vitu viwili vimepita njia moja, uchachu na jua. Vikikutana mezani vinajuana. Mimi sihitaji pH hapo.

#14 ChumviKidogo
@MwanaKyela umenigusa. Chef ana mtungi mmoja wa kioo kwenye paa la nyumba yao, nilidhani ni pambo.

#15 MzeeWaMontpellier
Kijana wa Kyela kasema vizuri lakini nadharia yake ina shimo. Banyuls ziko za aina mbili kubwa. Iko ya kizamani inayokaa na hewa miaka kwenye mapipa, hiyo ndiyo yenye kahawa na tini. Na iko inayoitwa rimage, hiyo inawekwa chupa mapema ikiwa mbichi, haikutani na hewa, na harufu yake ni cheri na matunda ya rasiberi, hakuna kahawa wala kakao. Na rimage hiyohiyo ndiyo wenye migahawa wengi wanayopeleka kwenye keki ya chokoleti. Kama siri ni kufanana harufu, cheri inafanana na nini?

#16 MwanaKyela
Kakao nzuri ina matunda matunda ndani yake mzee wangu, hasa isiyokaangwa sana. Bado nasimama.

#17 Mvunaji
Nimecheka niliposoma jina la uzi maana nilichuma zabibu Banyuls nikiwa mwanafunzi Toulouse, siku kumi na mbili tu ila mgongo unazikumbuka mpaka leo. Mlima umesimama, mashine haipandi, kila kitu ni mkono na mgongo. Mizabibu haifungwi kwenye waya, imekaa kama vichaka vifupi vya zamani na kila kichaka kina vishada vichache. Sheria inasema mwisho lita 3,000 kwa hekta na kuna mashamba hayafikii hata hapo. Zabibu zinaachwa mpaka zianze kusinyaa, ukizila ni kama asali na ngozi yake nene.

Ardhi ni mawe ya bapa meusimeusi yanayomeguka kama vigae, mchana yanawaka. Kila hatua chache kuna ukuta wa mawe uliopangwa bila simenti kuzuia udongo. Na mifereji! Imechorwa mlimani kama mguu wa jogoo, vidole vinakusanya maji vinayapeleka kwenye mfereji mmoja wa katikati, kwa sababu mvua ya kule haiji mara nyingi ila ikija inataka kuondoka na shamba. Bibi mwenye shamba alisema usipopanga ukuta mwaka huu mwakani huna shamba. Alikuwa na miaka sabini na kitu na anapanga mwenyewe. Upepo wa Tramontane ukivuma unashika mti usianguke.

Chakula? Saa nne asubuhi alitupa mkate, dagaa wa chumvi wa Collioure wale anchovi, na kikombe cha waini ya rancio, yaani iliyozeeka na hewa miaka mingi, ile yake ilikuwa kavu haina utamu. Chumvi ya samaki na ile waini, sijawahi kula kitu kama kile. Chokoleti sikuiona siku zote kumi na mbili.

#18 LubumbashiParis
Bandugu jambo. Miye niko Paris, nimefanya kazi ya kuhudumu meza miaka minane. @Mvunaji amesema kweli. Hapa watu wengi hawanywi hizi waini na chokoleti, wanakunywa mbele ya chakula, kufungua tumbo. Hasa Muscat, ile nyeupe. Muscat de Rivesaltes, Muscat de Beaumes-de-Venise, Frontignan. Baridi kabisa, digrii 8 mpaka 10, glasi ndogo. Kiangazi unakata meloni ya Cavaillon nusu, unatoa mbegu, unamwaga Muscat ndani ya shimo, unakula na kijiko. Krismasi ni Muscat mpya na ini la bata. Na Roquefort, ile jibini ya kondoo yenye ukungu wa bluu, chumvi yake kali sana, unaweka na Rivesaltes ya zamani (waini tamu ya kundi hilihili, siyo Muscat), chumvi na utamu zinapigana halafu zinapatana.

Kwa nini uzi wote ni chokoleti tu?

#19 MzeeWaMontpellier
Kwa sababu hiyo hiyo, ndugu yangu. Mimi nimeishi huku tangu nilipokuja kusoma na sasa nina wajukuu. Nilipofika, wazee wa Roussillon, yaani upande huo wa Perpignan na Banyuls, walikuwa wanakunywa Banyuls saa tano na nusu asubuhi kwenye baa kabla ya chakula, na zeituni. Habari ya chokoleti kwa maoni yangu imekuzwa na wauzaji baada ya watu kuanza kuacha waini tamu kabla ya chakula. Ilibidi itafutiwe kazi nyingine mezani, ikapewa chokoleti kwa kuwa waini nyingine zilikuwa zimeshindwa hapo. Sisemi haziendani. Nasema sababu ya kwanza ni biashara, kemia ilifuata.

#20 Fundi Keki
Mzee kwa heshima hapo nakataa. Biashara inaweza kuniuzia chupa ya kwanza, haiwezi kuniuzia ya pili kama mdomo haujakubali. Dada kaonja bila kuambiwa kitu na kanyamaza.

#21 MzeeWaMontpellier
Kaonja kwa mwenyeji wa Roussillon. Naye alishaambiwa.

#22 pwagu_wa_Tabata
Kwani hii siyo sawa na port tu, ile waini tamu ya Ureno? Port nayo wanakatisha uchachu kwa spiriti. Na Pineau des Charentes pia. Zote ni kundi moja, mnatuchanganya na majina.

#23 Maabara
@pwagu_wa_Tabata karibu, ila siyo sawa. Port wanaweka spiriti ya asilimia 77 na wanaweka nyingi, karibu sehemu moja kwa nne za juisi, inamaliza kwenye 19 hadi 22. Banyuls wanaweka spiriti kali zaidi, 95 na kuendelea, lakini kidogo, kati ya asilimia 5 na 10 ya ujazo. Ndiyo maana Banyuls inakaa chini, 16 au 17, na mdomoni haichomi sana.

Pineau ndiyo iko mbali kabisa. Pale juisi ya zabibu inachanganywa na konyaki ya Cognac kabla haijaanza kuchachuka kwa maana, kwa hiyo ni juisi iliyokutana na spiriti, siyo waini iliyokatishwa njiani. Kwenye sheria za Ufaransa ziko makundi mawili tofauti.

#24 pwagu_wa_Tabata
Nimeelewa, asante mkuu. Na Dodoma je? Waini tamu zetu za kule ziko kundi gani?

#25 Maabara
Soma lebo, siwezi kusema kwa jumla. Utamu una njia nyingi: kukatisha kwa spiriti, kuvuna zabibu zimechelewa, kuzianika, au kumwaga sukari tu mwishoni. Zabibu ya Makutupora inaweza kabisa kupitia njia ya kwanza, na Dodoma jua siyo tatizo. Mitungi ya kioo nje uwanjani ningependa kuiona pale.

#26 Nesi wa Zamu
Nimesoma mpaka hapa sijaona mtu ametaja kwinini nikashangaa. Huko huko kwa dada, Thuir, siyo mbali na Perpignan, kuna kinywaji kinaitwa Byrrh. Ndugu wawili wa ukoo wa Violet walikianzisha 1866, walichukua waini za Roussillon wakaweka gome la mti wa kwinini na viungo vingine, wakakiuza kama cha kujenga afya. Kwinini ileile ya malaria, ile iliyotufanya masikio yavume tukiwa watoto. Nilitembelea, wana pipa la mwaloni la lita zaidi ya milioni moja. Pipa moja! Unasimama chini yake unajiona sisimizi.

Sasa swali langu kwenu: ile ni waini tamu yenye uchungu ndani. Niliinywa na chokoleti nyeusi ikakaa vizuri kuliko Banyuls. Uchungu kwa uchungu. Hiyo mnaiweka wapi kwenye nadharia zenu?

#27 Dada Hurma
Naiweka upande wangu wa kahawa na kashata 😊 uchungu na utamu ni marafiki wa zamani.

#28 kiboko255
Nani alijua kwinini itaingia kwenye uzi wa keki.

#29 Mama Mbili
Mimi nina kisa cha kushindwa, labda kitasaidia mwenye mtihani. Nipo Ubelgiji. Nilisoma mahali kwamba bata anaenda na Banyuls nikanunua chupa nzuri, nikachoma bata na pilipili nyingi na kitunguu swaumu kama tunavyofanya, nikaweka mezani. Ikawa vita. Waini ikawa kama sharubati ya dawa ya kikohozi na pilipili ikawaka mara mbili. Wageni walikula kwa adabu tu, hakuna aliyeongeza.

Mwezi uliofuata nikarudia: bata uleule, pilipili hakuna, nikachemsha tini kavu kwenye hiyo Banyuls mpaka ikawa nzito, nikamwagia. Sahani zilirudi safi. Nilichojifunza ni kwamba lazima ndani ya chakula kuwe na kitu cha kuishika waini mkono, tini, cheri, plamu, kitu. Na kileo na pilipili kali havipendani hata kidogo.

#30 Dada Hurma
Pole na hongera. Na viungo visivyowasha? Mdalasini, hiliki, uwatu?

#31 Maabara
@Dada Hurma umetaja uwatu nikaruka kwenye kiti. Waini hizi zikizeeka na hewa zinatengeneza kitu kinaitwa sotoloni. Hiyo hiyo sotoloni ndiyo harufu kuu ya uwatu. Siyo kufananisha, ni molekuli moja. Chukua Rivesaltes ya rangi ya kaharabu iliyokaa miaka mingi, nusa, halafu fungua mkebe wa uwatu. Kwa hiyo hapo @MwanaKyela nakupa haki yako, kufanana harufu kupo na kunapimika. Kuku wa mchuzi mwenye uwatu na bizari, pilipili kidogo sana, ningemjaribu na Rivesaltes ya namna hiyo kabla ya chokoleti.

#32 MwanaKyela
Nimechukua haki yangu nimeiweka mfukoni.

#33 LubumbashiParis
Na hali ya joto mumesahau. Pale kwetu walikuwa wanatoa Banyuls ya moto, joto la chumba la kiangazi, kileo kinapanda puani, mteja anasema ni nzito. Weka kwenye friji kidogo, itoke na digrii 14 hivi. Chupa moja, siku moja, wateja wawili wanasema vitu tofauti kwa sababu ya joto tu. Nusu ya ugomvi wa uzi huu labda ni friji.

#34 ChumviKidogo
Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, jikoni palikuwa moto. Nimefanya kazi ya nyumbani. Jumatatu tumefunga, tulikuwa watano, nikanunua chupa tatu: rimage changa, Banyuls Grand Cru (hiyo lazima ikae kwenye mbao si chini ya miezi 30 na Grenache nyeusi si chini ya asilimia 75), na Muscat de Rivesaltes. Chokoleti tatu: asilimia 70 tupu, keki ya moto na rasiberi, na ya maziwa. Zote za rangi nyekundu nikazitoa na digrii 14 kama alivyosema kaka wa Paris. Nikafunga lebo kwa karatasi.

Rimage na keki ya rasiberi: wote watano tulikubali. Grand Cru na asilimia 70 tupu: watatu walifumba macho, wawili wakasema zimefanana mno mpaka zinachosha, kama kusikiliza mtu anarudia neno lako. Muscat na chokoleti nyeusi: hapana, ilikuwa kama kula chungwa na makaa. Ya maziwa ilishindwa na zote, hapo @Fundi Keki umeshinda. Ila mwenzetu mmoja anayetoka Cerbère akasema ya maziwa na Grand Cru ndiyo aliyokula utotoni kwa bibi yake na hakuna kitu kizuri kuliko hiyo, na alikuwa anasema ukweli wa moyo wake.

Halafu nikachemsha kahawa chungu nikaweka bakuli la tende kwa ajili ya @Dada Hurma. Wafaransa wote wanne wakaomba tena.

Sasa kwenye mtihani niandike lipi? Sukari inaeleza kwa nini waini kavu ilishindwa lakini haielezi kwa nini Muscat ilishindwa na yenyewe ni tamu kuliko zote. Harufu inaeleza Grand Cru haielezi rimage. Mafuta na tanini inaeleza kidogo kidogo kila mahali.

#35 Fundi Keki
Muscat haina tanini, ni zabibu nyeupe! Hapo ndipo penyewe. Kakao inataka mwenzake mwenye mfupa kidogo. Tanini kidogo iliyovikwa sukari. Siyo tanini tupu, siyo sukari tupu.

#36 Maabara
Au ni zile harufu za maua na machungwa za Muscat ndizo zinazogombana na vitu vilivyokaangwa. Tanini huwezi kuzitenga na harufu kwa glasi tatu. Ungehitaji Muscat iliyozeeka kwenye mbao.

#37 MzeeWaMontpellier
Au ni kwamba wote watano mnafanya kazi kwenye mgahawa mmoja wa Roussillon.

#38 Mvunaji
Dada usitupe kilichobaki. Rimage iliyofunguliwa iweke friji uimalize ndani ya wiki moja au mbili maana hewa itaiua cheri. Ile Grand Cru imeshakaa na hewa miaka, itasubiri miezi. Nunua anchovi za Collioure, mkate wa shamba, uiweke pamoja saa nne asubuhi. Itakuwa tamu kuliko ile ya yule bibi lakini jaribu, halafu urudi hapa.

#39 Dada Hurma
Na kwa sisi wengine, kuna juisi ya zabibu za Muscat isiyochachuka huko madukani? Nina mgeni anakuja kutoka Marseille mwezi wa tatu.

#40 ChumviKidogo
@Dada Hurma ipo, inauzwa chupa za lita, andika jus de raisin muscat umpe. Ni tamu sana, iweke baridi kabisa na umkamulie ndimu. @Mvunaji anchovi nimeshanunua, rimage haikubaki hata tone.